Kisanduku cha Siku Saba

Nilifika Bari na miaka hamsini na sita,
goti moja bovu, na neno moja la Kiitaliano: asante.
Nikalitumia ovyo.
Daktari akiuliza bibi amekula nini, asante.
Muuza samaki akinipunja, asante.

Kazi yangu ni Bibi Ersilia,
ghorofa ya nne, lifti ya kukwama.
Kumwogesha, kumlisha, kumhesabia vidonge
katika kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba.
Kifuniko cha Alhamisi kilipovunjika
mwanawe alileta kipya.
Cha zamani nilikiokota jalalani.

Nikakata risiti za dukani vipande vipande:
mbele neno lao, nyuma neno letu,
kwa herufi zetu za Kijojia zinazojipinda kama vikonyo vya mzabibu.
Maneno sita kila asubuhi.
Wiki ya kwanza nilitaka sitini;
yakamwagika kama dengu za gunia lililotoboka.

Neno likinitoroka, linalala chumba cha kesho.
Nikilikamata, nalisogeza mbele siku tatu,
halafu wiki,
likae huko linisahau, nami nione kama nitalisahau.
Na kabla sijageuza karatasi
nanyamaza, nakuna kichwa.
Hapo ndipo penye jasho.
Kulisoma tena na tena huku linanitazama
ni kujibembeleza tu.

Kwetu kitu ni kitu.
Hapa kijiko ni mume, uma ni mke,
na kisu, mume mwingine, katikati yao.
Droo nzima ya ugomvi!
Nunzia wa buchani akanishika mkono:
“Usichukue neno likiwa uchi, mama.
Lichukue na nguo zake.”

Ni kwake nilikoomba kilo ya mbwa, ya kusaga.
Herufi moja tu niliimeza, nyama ikabweka.
Foleni nzima ilishika mbavu.
Niliwaka uso hadi ngazi ya nne,
lakini herufi ile haijanitoka tena.
Kitabu kingenidai mwezi.
Aibu ilinifundisha kwa dakika moja, bila ada.

Nikabandika karatasi nyumba nzima:
mlango, kioo, sukari, bomba.
Bibi akanuna: “Umenigeuzia nyumba duka.”
Lakini alinisahihisha, kalamu nyekundu mkononi,
maana alikuwa karani wa posta miaka thelathini
na hawezi kuona herufi imepotea njia akaiacha.

Baridi ya tatu, asubuhi,
nilimkuta amesimama mbele ya kabati.
“Nipe ile,” akasema. “Ile. Ile nyeupe.”
Kahawa ilikuwa inapoa.
Kidole chake kikapapasa mlango wa kabati,
kikafika kwenye mwandiko wangu uliopinda,
kikafuata herufi moja, ya pili, ya tatu.
“Sukari,” akasema,
kama mtu aliyekutana na shoga yake stesheni.

Tangu siku hiyo sikubandua kitu.

Jioni tunakaa mezani, kisanduku kibovu kati yetu.
Namwonyesha kijiko, nafunika karatasi.
Anatafuta.
Ulimi unaniwasha kumsaidia, ninauuma;
namhesabia hadi ishirini, kama nilivyojihesabia mimi.
Likija, tunalisogeza mbele.
Lisipokuja, linalala kesho.
Kesho kumejaa sasa, kifuniko hakifungi.
Alhamisi, ambayo haina kifuniko,
nimeiachia majina ya watoto wake.

Juzi nilikata mkate, nikaushika juu.
Nikamngoja. Nilifika kumi na tisa.
“Puri,” akasema.

Si lugha yake. Ni yangu.
Sikuwahi kumfundisha.
Ni mimi tu, asubuhi elfu na zaidi,
nikiukata huku najisemea.

Nililiandika kwa herufi zake, kubwa kubwa,
nikaliweka Jumapili.