Dawati la Mwisho

Chuoni Kisumu walitufunza kupaza sauti:
"Ifike dawati la mwisho, Sawe.
Mtoto wa dawati la mwisho ndiye mtihani wako."
Usiku nikawa nasimama peke yangu ukumbini,
naviita viti vitupu kwa majina ya kubuni.

Sikuuchagua ualimu. Niseme kweli.
Nilipungukiwa na pointi mbili za uhandisi,
na baba, kule Kaptembwa, akaikunja barua
mara nne, kama risiti ya kitu kibovu.
"Angalau chaki haiozi," alisema.

Wakanileta Ahero, wiki kumi na nne za mazoezi,
shule yenye ukuta uliochorwa mstari wa kahawia
kimo cha kifua changu:
mafuriko yalikomea hapo.
Juu ya mstari, rangi ya samawati na ramani ya Kenya.
Chini yake, plasta inabanduka kama ukoko.
Gredi ya nne, watoto sitini na mmoja,
vitabu saba, kimoja hakina jalada
wala kurasa za kwanza, hivyo hadithi yake
huanzia pale msichana analia
na hatujui kwa nini.

Mwezi wa kwanza niliandika andalio la somo
kwa wino wa rangi tatu.
Mwezi wa pili, kwa penseli.
Mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa
sajili yangu ikavuja:
sitini na mmoja, arobaini, ishirini na watatu.
"Wanawinga ndege," alisema Mwalimu Ogweno,
kama mtu anayesema mvua imenyesha,
akaendelea kuchonga penseli za watoto wasiokuwepo.

Ndiyo wiki aliyokuja Bi. Kavere kunikagua,
faili kwapani, viatu vimekula tope.
Darasani walikuwa tisa.
Nilikuwa nimebandika chati za nomino za makundi:
tita la kuni, mkungu wa ndizi, bumba la nyuki.
Karatasi moja ikadondoka, kisha ya pili;
ukuta wenye unyevu haushiki gundi wala adabu.
Sijui ulikuwa ujasiri au aibu tupu.
Nikasema: "Madam, darasa langu liko kule."

Tukashika tuta kati ya majaruba,
mimi, wale tisa, na Bi. Kavere ameinua sketi.
Obura alikuwa na debe lililotoboka,
Atigo na teo, mabonge ya udongo
ameyapanga mapajani kama mayai.
"Ndege wakiwa wengi pamoja," nikauliza, "huitwaje?"
Kitabu kinasema *kundi*.
Apondi hakugeuka. Macho kwenye mpunga.
"Hasara," akajibu.
Obura, ng'ambo ya mfereji: "Karo!"
Na mwingine ambaye sikumwona:
"Deni la mama!"

Nikayaandika yote matatu kwa kijiti kwenye tope.
Maji yakaanza kuyala kutoka kushoto, taratibu,
kama msomaji mwenye bidii.
Bi. Kavere aliandika jambo. Hakunionyesha.
Alipokuwa akiondoka aliniuliza tu
kama nina viatu vya mpira.

Jana zimekuja fomu: chagua vituo vitatu.
Mama amepiga simu. Kuna shule ya kibinafsi Nakuru,
shangazi anamjua mwenyewe,
watoto ishirini kwa darasa, maji ya bomba.
Sijamjibu. Nimejaza jina langu
na nambari ya kitambulisho, basi.

Asubuhi hii nilifika tutani kabla ya jua.
Wingu jeusi likainuka kutoka kwenye matete,
likageuka mara moja, kama ukurasa.
Nikavuta pumzi toka tumboni, walivyonifunza,
nikaita sajili, jina kwa jina,
na ndani ya ukungu, jaruba hadi jaruba,
wakaitika: "Nipo!" — debe — "Nipo!"
mpaka mbali nisikokuona.

Ndege wakakata kona
kuelekea shamba la kina Apondi.
Nikapaza sauti zaidi.