Jino la Ruchugi

Bitaliho alilileta ndani ya kopo la maziwa ya unga,
amelifunga kitambaa, kama mtoto na jino lake la kwanza.
Alikuwa akichimba udongo wa matofali ng'ambo ya Ruchugi;
sururu ikagonga mwamba mwekundu,
mwamba ukatema.

Uvinza nzima ilikwishatoa hukumu.
Wachemsha chumvi walisema mamba wa Malagarasi,
babu yake mamba, ikibidi.
Nyamwiza wa migebuka akasema kiboko.
Mganga mmoja akatoa elfu themanini
bila kuuliza ni la nani.

Mimi ni mng'oa meno. Miaka ishirini na sita,
zahanati ile ile, kiti kile kile kinachonesa.
Mawe siyajui.
Nikaliweka chini ya taa, nikasema: fungua mdomo.
Bitaliho akacheka. Jino halikucheka.

La mamba ni duara, kama msumari wa reli.
Hili limebanwa ubavu kwa ubavu, limepinda kuelekea kooni.
Nikapitisha ukucha ukingoni: krrr.
Vijino juu ya jino, msumeno mdogo kabisa,
na karibu na ncha umesagika:
mlaji huyu aliwahi kukutana na mfupa.

Kisha nikaligeuza, nikanyamaza.

Mzizi hakuna.
Mizizi ndiyo riziki yangu, ile inayopinda,
inayokatikia ndani,
inayomfanya askari mzima amwite mama yake.
Hapa palikuwa na kishimo laini tu,
kimelambwa kutoka chini
na jino jingine lililokuwa likipanda.

Halikung'olewa, Bitaliho. Lilidondoka.
Mwenyewe hakufa hapa.
Alikula, akaliacha kwenye nyama, akaenda zake,
na jipya likaota, na jingine, na jingine,
wala hakuna aliyemrushia juu ya paa.

Sikuwa na karatasi; nikachukua kadi ya mgonjwa.
Jina: halijulikani.
Umri: nikapaacha.
Malalamiko: hana.
Chini nikaandika: mla nyama, si mamba, labda dinosaria.
Apelekwe Dar kwa wajuao mawe, treni ya Alhamisi.

Bitaliho alikuwa akipapasa kwa ulimi
pengo nililomwachia mwaka juzi.
"Wanasema jino la pembe si dawa ya pengo," akasema.
"La jiwe je?"

Nikamwambia afunge kopo.
Foleni ilikuwa imefika mlangoni.