Husomwa Mgongoni

Nilikuwa nasaka bomba, si historia.
Mashine ya kampuni ya maji, ya kuazima hadi Ijumaa,
ililia nyuma ya ukuta kule Tononoka
kilio chembamba, si kile kizito cha bomba.
Nikachimba shubiri moja.
Kifungo.

Nikasaka tena. Bomba lilinisubiri,
na wenye ndoo walinisubiri,
na Bi Mwanasiti akaniuliza toka dirishani
kama siku hizi maji huja kwa vifungo.

Usiku nikavilaza kwenye ukwaju
kama mamangu alivyolaza sinia kuamkia Idi.
Kutu ya kijani ikaachia kidogo kidogo.
Kimoja kilivuka na uso wake,
taji likaenda na maji ya karo.

Binamu yangu Shekuwe hushona sare za shule, Makadara.
Hakujali simba wala taji. Akavigeuza.
"Kifungo husomwa mgongoni," akasema,
"kama aliyechapwa viboko."
Na kweli: kuzunguka kitanzi, herufi za duara,
jina la kiwanda, Bamingamu,
na neno la kuisifu shaba.
"Hichi kitanzi kimelala upande.
Hakikudondoka. Kilivutwa."
Na nani?
Akanyanyua mabega, pini mdomoni.

Bizimu halikutusumbua: nyoka wa shaba
aliyeng'ata pete. Mkanda ulikwenda na mchwa,
yeye angali ameng'ata.

Kikabaki kisahani, upana wa shilingi ya zamani,
tundu moja la uzi,
tarakimu nne za kugongwa kwa nyundo,
ya tatu imekaa upogo.
Tukakigeuza. Mgongo mtupu.
Tukakigeuza tena, labda tulikosea upande.

Shekuwe akatoa pini mdomoni, moja moja.
"Cha mpagazi hichi, wa vita vya Mjerumani.
Koti hawakupewa, wangefunga nini?
Hichi hawakukifunga.
Walifungwa nacho."

Vifungo nimevitia kopo la samli, na nyoka wao.
Bomba nililiona Alhamisi, hatua tatu kutoka pale,
limeziba.
Kisahani kimo mfukoni mwa ovaroli.
Nne, moja, saba, sifuri:
nazisoma kama nisomavyo mita,
kazi yangu ya miaka kumi na miwili.
Nipe namba yoyote ya mtaa huu,
nitakupeleka mlangoni.

Hii nimezunguka nayo wiki nzima.