Sifuri ya Görlitz

Jumanne jioni, maktaba ya mtaa,
theluji inayeyuka viatuni chini ya meza.
Mwalimu anaitwa Thuy, ana miaka ishirini na mitatu;
mamaye alishona suruali katika kiwanda cha mji huu
enzi zile mimi nikigawa barua.

"Kila kitu," anasema, "kabla hujakihifadhi,
kiulize kwanza: wewe ni nani?"

Mikate miwili ni namba kamili.
Bei yake ni desimali, na hapo tukagombana mimi na mashine:
niliandika nne, mkato, ishirini,
kama nilivyoandika maisha yangu yote.
Yenyewe yataka nukta.
Haya. Ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.

Kisha kweli au si kweli, labda haimo.
Theluji inaanguka? Kweli.
Jiko nimeliacha linawaka?
Nikasita.
Thuy akacheka: mashine haijui kusita.

Maandishi nayo hulala kati ya alama za kunukuu.
Saba kujumlisha nane ni kumi na tano,
lakini zivike alama hizo, "7" na "8",
zitasimama bega kwa bega, "78",
zimesahau kwamba ziliwahi kuwa hesabu.
Manfred, nyuma yangu, akaapa kompyuta yake ni mbovu.

Zoezi la mwisho: anwani yako.
Nikaandika tarakimu za posta, 02826,
nikaziita namba, kwani ni nini kingine?
Ikanirudishia 2826.

Miaka thelathini na minne nimepanga barua.
Naijua kazi ya sifuri ile ya mbele:
ikikosekana, gunia zima hupotea njia,
salamu za rambirambi hufika watu wameshazika.
Hiyo watu wanayoiita si kitu
ndiyo iliyokuwa ikisema: mashariki, huku kwetu, ng'ambo ya mto ni Poland.

"Utaijumlisha?" Thuy akauliza. "Utaigawanya kwa mbili?"
Nani agawanye mji wake kwa mbili?
Nikanyamaza; sisi tumegawanywa tayari, mto katikati.
"Basi si namba, Bi Noack.
Ni jina lililovaa nguo za namba."

Nikafuta. Nikafungua alama, nikaandika polepole, nikafunga.
"02826".
Sifuri ikabaki mlangoni, mbele ya wenzake.

Nikarudi nyumbani mbiombio, koti wazi,
ngazi tatu tatu kwa magoti haya.
Jiko lilikuwa baridi.
Si kweli, basi.