Jiwe Sebuleni

Kizingiti nimekipima kwa kiberiti:
kiberiti kimelazwa,
na juu yake sarafu ya mia mbili.
Muuzaji pale Makoroboi akakunja uso.
"Dada, hizi za bei ya chini
zinapanda sentimita moja na nusu.
Ikizidi hapo zinaomba radhi, zinarudi."

Anaitwa Mugini. Amezipanga sakafuni,
nyeusi, nyeupe, nyeupe tena,
kama sufuria zilizofunikwa.
Ya kwanza haina ramani. Inatembea kilevi,
ikigonga mguu wa meza
inaamini meza ndiyo iliyosogea.
Ya pili inakwenda kwa mistari,
kama mtu anayepanda pamba kwa kamba.
Ya tatu ina jicho utosini, inaiona nyumba gizani,
ila bei yake ni ada ya Ng'wasi muhula mzima,
na nauli, na godoro la bweni.

Nikauliza maji yanakaa wapi.
Akachomoa kitanki: kikombe cha chai,
tena cha mgeni asiyependwa.
"Sasa hii inadeki?"
"Inapangusa," akasema.
Nikampenda kwa neno hilo.

Mama yangu alideki Capri Point miaka kumi na tisa.
Nyumba zilizotazama ziwa,
yeye akitazama vigae.
Muulize kisiwa gani kinaonekana kutoka kule juu, hajui.
Muulize jiko la nani lilishika mafuta ya sangara
hata kwa maji ya moto, atakutajia,
na jina la mbwa wao.
Magoti yake siku hizi yanaitambua mvua
ikiwa bado iko Ukerewe.

Kwetu ni Bugarika, mlimani.
Jiwe lilipokataa kuhama
fundi alilijengea ukuta kushoto na kulia,
likabaki sebuleni, jirani ya kabati,
kubwa kama ng'ombe aliyelala.
Wageni huliegemea. Jumamosi tunalifuta vumbi.
"Hii mashine imewahi kuona jiwe ndani ya nyumba?"
Mugini akacheka hadi akaketi.
"Itazoea. Sisi tumezoea."

Umeme ukikatika?
"Inasimama ilipo. Kama wewe na pasi."
Brashi ikiisha?
"Nitaagiza Kariakoo, inakuja kwa basi."
Paskali elfu mbili, elfu tatu, alikuwa akizitaja
kama mtu anayetaja uzito wa samaki aliyemkosa.
Mimi nilikuwa nawaza wale wadudu wa ziwani:
usiku taa ikisahaulika,
asubuhi wamelala chini ya dirisha
kama majani ya chai yaliyomwagika.
Ufagio unawarusha. Tambara linawapaka.
Hapo nikafungua pochi.

Nikachukua ya pili.

Mama alikaa kochini, akanyanyua miguu yote miwili,
kama anayempisha mkwe.
Ikaenda mstari, ikarudi mstari.
Kwenye kizingiti ikakwama, ikalia,
nikaiwekea kipande cha ubao, ikapanda.
Ikafika kwenye jiwe. Ikagonga.
Ikasimama. Ikagonga tena, polepole.
"Limemshinda fundi na nyundo yake," mama akasema,
"litaiachia sahani?"
Ikageuka kushoto.
Akacheka. Sijamsikia akicheka
juu ya sakafu.

Jioni nimetoka kuoga,
mashine imerudi kwenye chaji yake, inakonyeza kijani,
na kule pembeni, kati ya jiwe na ukuta,
penye upana wa viganja viwili,
mama yuko chini, tambara mkononi.
"Mama."
"Usiseme kitu. Hapa pangu."

Nilitaka kumwambia hata ile yenye jicho
isingefika hapo.
Ndoo yake ilikuwa imebaki maji ya kikombe.
Nikaenda kumchotea mengine.