Kozi

Tusekile kaleta neno kutoka shuleni
limeandikwa kwa kalamu ya bluu kiganjani,
maana daftari la Kiingereza limekwisha
na duka la Isyonje hufungwa mapema mwezi wa saba.
Herufi nne. "Mama, kozi ni nini?"

"Kozi ni ya umeme," akadakia Gwakisa,
soksi mbili kila mguu,
"miezi sita Veta, Mbeya mjini,
na cheti wamekikalia mpaka nimalize ada."

Mama mkwe akageuza kuni ya mkaratusi, moshi ukamwitikia.
"Kozi ni yule mwenye kucha.
Kanibebea vifaranga vinne tangu Pasaka.
Leo mnamsoma shuleni?"

Tukacheka. Mtoto hakucheka.
"Mwalimu kasema ni chumba chenye moto,
na zulia, na paka. Nje theluji."

Theluji hatuijui. Sakitu tunaijua:
Jumanne usiku ilipita kwenye viazi vya kwa Mwakalobo,
kukicha majani meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto.
Zulia hatuna.
Paka tulikuwa naye, akahamia kwa wenye ng'ombe.

Nikatafuta Kiswahili chake huku namenya.
Joto? Joto ni la Kyela, la kujipepea na kifuniko cha sufuria.
Starehe? Neno hilo linanuka baa.
Faraja? Hilo huja na turubai na viti vya kukodi,
mtu akishazikwa.
Raha ilikaribia kidogo,
lakini raha mtu huweza kuwa nayo peke yake, amesimama, barabarani;
hili la Tusekile halisimami.
Hili limekunja miguu.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Kamuulize tena."

Usiku ukaingia na upepo wa Kitulo
ukipekua mabati kama mtu aliyepoteza ufunguo.
Blanketi moja, kitenge juu yake, koti la marehemu mume wangu juu ya kitenge.
Miguu ya Tusekile ikaja kwenye mapaja yangu,
vipande viwili vya barafu vyenye kucha.
"Sogea," akasema.
Nikasogea.
Mama mkwe, upande wa ukuta, hajafumbua macho: "Sogeeni."
Tukasogea.
Kwenye tenga kuku akajipanua,
vifaranga vilivyobaki vikagombania bawa, kisha kimya.
Nje, kozi wa mama mkwe alale na njaa akipenda.

Nikataka kumwamsha mtoto nimwambie:
wenzetu wana jina lake,
sisi tumezoea kuamrishana tu.
Lakini angeamka, na baridi ingepata pa kuingilia.

Alfajiri natafuta kiberiti
nikaona kitu mkononi mwangu, juu kidogo ya kiwiko,
pale kiganja chake kilipolala:
herufi nne za bluu,
zimegeuka, zinasomeka kutoka kulia.

Nilinawa uso.
Mkono niliuacha.