Karatasi ya Kulinganishia

Saa kumi na moja alfajiri, Ilomba,
nikamfunga Tusekile kimashine mgongoni
kama mtu anayemwazima jirani mtoto.
Kinanguruma kidogo, kinavuta
hewa ile ile anayovuta yeye,
na ndani yake nimeweka karatasi ya duara,
pana kama mdomo wa kikombe cha kahawa,
nyeupe hata kidole kinaona haya.

"Kitalia usiku?"
"Kitakoroma tu."
"Basi mume wangu amepata mwenzake."

Julai ya Mbeya haina mzaha.
Loleza limejifunika gubigubi,
baridi imekaa juu ya mji kama mfuniko,
na moshi, ukikosa pa kupandia,
unarudi chini kutafuta nyumba.
Malori ya Tunduma yanapanda kwa kukohoa,
yanatuachia salamu nyeusi
na mzigo yanakwenda nao.
Mtu fulani anachoma taka: chupa, malapa, nyaya.
Tusekile ameinamia karai la maandazi,
kuni mbichi, maana kavu zina bei yake.
Anapuliza.
Kimashine kinavuta.

Swali la kumi na nne:
Je, umepata kikohozi katika wiki mbili zilizopita?
"Kikohozi kipi?" akaniuliza.
"Cha asubuhi ni cha kuamkia.
Cha jikoni ni cha kazi.
Cha Ambele, mwanangu, hicho ndicho ugonjwa."
Fomu ina kisanduku kimoja.
Nikaweka vema.

Kesho yake nikafungua mbele yake.
Nilifunzwa kushika kibanio,
nilifunzwa kutopumulia sampuli,
uso wa kuvaa sikufunzwa.
Karatasi ilikuwa na rangi ya tako la sufuria.

"Hiyo imetoka kifuani kwangu?"
"Hapana, mama. Hii ndiyo ambayo hukuivuta.
Uliyoivuta hatuioni."

Akanyamaza. Andazi likaungua.

"Nipe," akasema, "niende nayo kwa mwenye nyumba,
aliyeziba dirisha la jiko akaweka fremu ya duka.
Mimi nikisema moshi, ananiona mdomo.
Hii haina mdomo."

Nikamweleza kuwa ni mali ya utafiti,
ina namba, itapimwa kwa mizani
inayohisi uzito wa ubawa wa nzi,
italala kwenye friji, kisha itageuka nukta
kwenye mchoro, juu kidogo ya nukta nyingine.
"Na mwenye nyumba," akauliza, "anasoma nukta?"

Katika kila kumi tunabeba moja isiyofanya kazi,
nyeupe, ya kulinganishia.
Hiyo nikampa. Daftarini nikaandika: imeanguka.
Sijutii. Au najuta Jumatatu tu,
tunapohesabu.
Akaibandika kwa uji wa ngano ukutani, juu ya jiko,
akamkanya Ambele asiiguse.

Septemba nikarudi na majibu,
kurasa mbili zenye mhuri.
Mwenye nyumba alishakuja, akasema Tusekile, mara mbili.
Ya kwanza alicheka.
Ya pili alikuja na futi, akapima ukuta,
akaondoka bila kuaga.
Fremu bado ipo. Wanauza vocha na soda.

Nikaitafuta karatasi. Nikapapasa ukuta kwa macho.
"Ipo hapo hapo, tazama vizuri."
Nikasogea, nikapitisha kidole,
ndipo ukingo wake ukajitokeza, duara,
kama kovu la chanjo
kwenye ngozi ya rangi moja.

Nyuma ya pazia Ambele akakohoa.
Nikasubiri aseme kile ni kipi.
Alikuwa anageuza maandazi.
Swali la kumi na nne,
na kalamu yangu hewani.